Mapigo Mia na Ishirini Usingizini

"Umevuta pumzi!"

"Sikuvuta!"

"Umevuta, Bi Fadhiya! Tumbo lako nalijua mimi. Kila asubuhi lanipita mlangoni kwanza, kisha ndipo uje wewe. Leo lisome sentimita tisini na nne? Lililobaki umelificha wapi, kabatini?"

"Kache, lako lilipopimwa mimi nilisema neno? Ulisimama kama askari wa gwaride, uso umeiva kama tungule, nami nikanyamaza. Kwa adabu."

"Adabu! Wewe?"

Katikati ya mabibi hawa wawili, ndani ya kichochoro cha Kibokoni ambacho wanene wawili hawapishani bila kuombana radhi, alisimama Daktari Nanjala na utepe wa kupimia ukining'inia mkononi. Koti lake jeupe lilikuwa limeshalowa jasho mgongoni, na ilikuwa saa mbili tu asubuhi ya Jumamosi. Kwao ni Bungoma, ambako watu hugombana shambani wakiwa mbalimbali, sauti zikapungua njiani. Hapa zilimwingia sikioni zikiwa moto.

Lakini kosa lilikuwa la mafunzo yake. Nanjala alikuwa daktari bingwa tayari, ila alikuwa amerudi darasani kwa miaka miwili pamoja na madaktari bingwa wenzake, kujifunza kuyatibu kwa pamoja maradhi yasiyopenda kutembea peke yake: moyo, presha, sukari na kitambi. Kila mmoja alipewa mtaa wake, nyumba thelathini, azifuate kwa wiki kumi na mbili, apime na kuandika. Siku ya kwanza Bi Fadhiya, mwenye nyumba kubwa ya pale kati, alimuuliza, "Daktari bingwa, kisha bado ungali mwanafunzi? Kwani moyo una madarasa mangapi?" Siku ya pili mtaa ulikuwa umeshayageuza mafunzo yale kuwa mashindano. Nani amepungua, nani amedanganya, nani amekula sambusa akajipangusa mdomo.

"Nitapima tena," alisema Nanjala.

"Hupimi!" alisema Bi Fadhiya.

"Apime!" alisema Kache. "Na awepo shahidi. Masha! We Masha, ndoo hapa!"

Kijana aliyekuwa akiingia kichochoroni alisimama. Mrefu, koti la kazi la rangi ya chungwa lenye mistari ya kung'aa, kofia ngumu kwapani, macho mekundu ya kukesha. Alikuwa dereva wa kreni bandarini, na alipanga chumba cha chini kwa Bi Fadhiya yeye na shangazi yake Dama, yule auzaye mahamri na mbaazi barazani.

"Shahidi wa nini, mamangu?"

"Wa tumbo la Bi Fadhiya. Sema kweli, hilo ni la tisini na nne?"

Masha alilitazama tumbo kwa heshima zote, kichwa kimeinama upande.

"Mimi kule juu nashusha kontena kutwa kucha, na kabla sijalishika nalipima kwa jicho," alisema. "Kontena ni za aina mbili, za futi ishirini na za futi arobaini. Bi Fadhiya ni futi ishirini."

Kichochoro kilicheka mpaka madirisha ya juu yakafunguliwa. Bi Fadhiya mwenyewe alicheka, na alipocheka pumzi ikatoka, na ilipotoka Kache akapiga kelele, "Hilo! Pima sasa! Pima!"

Nanjala hakupima. Alikuwa akimtazama shahidi.

"Na mimi nipime, daktari," alisema Masha.

"Wewe huna tumbo."

"Moyo ninao."

Kumbe hakuwa akitania tu. Cheti chake cha afya kilikuwa kinakwisha mwisho wa mwezi, na bila cheti mtu hapandi kreni. Na iliyokuwa ikitoa vyeti hivyo ni kliniki ileile aliyokuwa akijifunzia Nanjala.

Jumatatu akaenda, shati limepigwa pasi likasimama lenyewe, marashi yametangulia. Muuguzi wa mapokezi akampima presha: mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Akaingizwa kwa Nanjala, naye akampima: mia na hamsini na nne kwa tisini na sita.

"Keti vizuri. Usiongee. Pumua."

"Napumua."

"Umeongea."

Akampima tena. Mia na hamsini na sita. Nanjala alikunja uso, akafikiri: ile mashine ya mapokezi imeharibika tena.

"Rudi wiki ijayo," alisema. "Punguza chumvi. Namba yangu hii, kwa ajili ya presha peke yake."

"Kwa ajili ya presha," alikubali Masha, akiikunja karatasi ile kama mtu akunjaye hati ya shamba.

Simu ya kwanza ikaingia jioni hiyohiyo.

"Masalkheri, daktari wangu."

"Masha. Chumvi umepunguza?"

"Nimepunguza mpaka mboga yanitazama kwa huruma."

"Na usingizi?"

"Usingizi ndio shida. Nikifumba macho naona koti jeupe."

"Hayo ni maradhi ya macho. Nitakuandikia barua kwa daktari wa macho."

"Hapana, usiniandikie. Nayapenda hivyohivyo."

Nanjala alikata simu, akacheka peke yake jikoni mpaka chai ikafurika. Kisha akaacha kucheka. Mgonjwa ni mgonjwa, na daktari ni daktari. Sheria hiyo haina mlango wa uani. Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Masha alianza kazi bandarini akifunga minyororo chini, miaka sita akitazama juu, mpaka akapandishwa kreni. Nanjala asiposaini cheti, atamshusha. Akisaini na presha ni ya kweli, siku moja mtu atazimia mita arobaini angani, na mkononi mwake tani thelathini zinaning'inia juu ya vichwa vya watu.

Wiki ya pili: mia na hamsini na nane. Wiki ya tatu: mia na sitini. Kadiri alivyopunguza chumvi ndivyo ilivyopanda.

"Nakuvika mashine ya kutwa na usiku," Nanjala alisema Jumamosi hiyo asubuhi, akimfunga mkanda mkononi na kumning'inizia kijisanduku kiunoni. "Kila nusu saa mkanda utajaa upepo, utapima, utaandika wenyewe. Nawe andika kwenye kitabu hiki unachofanya. Usiivue mpaka kesho saa tatu."

"Nikioga?"

"Usioge."

"Daktari, natoka shifti ya usiku. Natoka bandarini, si dukani kwa marashi. Shangazi atanilaza nje na paka."

"Siku moja tu, Masha. Kwa ajili yangu."

Maneno matatu ya mwisho yalimponyoka. Mkanda ukajaa upepo papo hapo. Hakuna aliyeitazama namba.

Kesho yake alirudisha mashine mwenyewe. Nanjala akaiunganisha na kompyuta, akasoma, akasimama, akaketi.

Usiku kucha, akiwa juu ya kreni, Masha alikuwa na presha ya mtoto wa shule: mia na kumi na sita, mia na kumi na nane. Lakini Jumamosi mchana, kuanzia saa nne mpaka saa kumi, mistari ilikuwa imerukaruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Mia na sabini na mbili. Kisha mia na mbili. Kisha mia na tisini, na mapigo ya moyo mia na ishirini kwa dakika. Na kitabuni, kwa saa zote hizo sita, Masha alikuwa ameandika neno moja kwa mwandiko mzuri: *Nimelala.*

Daktari Wekesa, mwanafunzi mwenzake, mtu wa kucheka kabla hajamaliza mzaha wake, alichungulia juu ya bega lake.

"Dada Nanjala, mtu aliyelala moyo haumpigi mia na ishirini. Ama ni mgonjwa sana, ama hakulala."

"Ameandika amelala."

"Kitandani huenda alikuwepo." Wekesa alianza kucheka. "Lakini peke yake?"

Nanjala alifunga kompyuta bila kuizima. Akapiga simu.

"Masha. Jumamosi mchana ulifanya nini?"

Upande wa pili jibu likaja upesi kupita haja.

"Nililala."

"Ulilala tu?"

"Fofofo."

"Peke yako?"

"Swali gani hilo, daktari? Limo kwenye fomu?"

"Limo kwenye mapigo yako."

"Sikuelewi."

"Mimi nakuelewa sana," alisema, na akakata.

Jumatatu akaandika barua kwa mwajiri: *Asipande kreni hadi uchunguzi ukamilike.* Aliandika kama daktari, kila neno lilikuwa sawa. Ila alivyoibandika bahasha kwa ngumi, hivyo si udaktari.

Masha akawekwa getini, chini, kuandika namba za malori. Wenzake wakampita wakimpigia honi. Jioni simu ikalia.

"Nanjala." Hakusema daktari. "Umenishusha kreni kwa sababu nimelala?"

"Nimekushusha kwa sababu hukulala."

"Miaka sita niliingoja kreni hiyo. Umenishusha kwa karatasi moja."

"Niambie kweli basi."

Kweli ilikuwepo, lakini Masha aliiogopa, maana aliamini ndiyo itakayommaliza kabisa.

"Sina la kusema," alisema. "Na presha yangu, usiniulizie tena."

Siku tatu Nanjala hakula akashiba. Wagonjwa wakamwona na kumuuliza yeye anaumwa na nini.

Alhamisi kilikuwa kikao cha wanafunzi wote na mwalimu wao, Profesa Mumo, mama mfupi wa Kikamba mwenye miwani shingoni na ulimi uliowahi kuwaliza madaktari wenye ndevu. Nanjala akaweka mistari ya Masha ukutani, akaeleza: mwanamume, miaka thelathini na moja, mrefu, mwembamba, presha inapanda usingizini.

Profesa Mumo akavaa miwani. Akaivua. Akaifuta, akaivaa tena.

"Nanjala, hapa kuna watu wangapi?"

"Mmoja, mwalimu."

"Tazama hii. Mia na sabini na mbili kwa sitini na nane, mapigo hamsini na sita. Hiyo ni mishipa ya mtu wa miaka sabini, na yuko kwenye vidonge vya kutuliza moyo. Nusu saa baadaye, mia na mbili kwa sitini na mbili, mapigo tisini na nne. Huyo kwangu ni mama mjamzito. Kijana wako amezeeka, kisha akashika mimba, kabla ya adhuhuri? Hii si presha ya mtu, mwanangu. Hii ni presha ya mtaa."

Chumba kizima kikaangua kicheko, Wekesa akiongoza. Nanjala hakucheka. Alikuwa akizitazama zile namba, na namba zilikuwa zimeanza kuota nyuso. Wiki tisa amewapima watu wale wa Kibokoni. Mia na sabini na mbili na moyo wa taratibu: huyo ni Mzee Jamaldin, jirani wa Bi Fadhiya, hata gizani angemtambua. Yule wa mia na mbili ni binti wa Kache, mwenye mimba ya miezi sita. Na wa mia na tisini...

"Mungu wangu," alisema.

"Bado," alisema Profesa Mumo, akipekua faili. "Muuguzi alimpima mapokezi mara tatu. Kumi na nane, kumi na sita, kumi na nane. Na wewe mara tatu: hamsini na nne, hamsini na nane, sitini. Hukuona kitu?"

"Nilidhani mashine ya mapokezi imeharibika."

"Mashine nzima. Kijana mzima." Mwalimu alimtazama juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza mwaka huo akatabasamu. "Ugonjwa wake ni wewe. Faili hili mpe Wekesa sasa hivi. Ampime yeye, na wewe usionekane hata kivuli. Na tangu leo huyo si mgonjwa wako. Umenisikia vizuri? Si mgonjwa wako."

"Nimekusikia, mwalimu."

"Sina hakika. Utasikia vizuri ukifika nyumbani."

Wekesa akamvika Masha mashine jioni hiyo, akamfuata mpaka Kibokoni, akaketi barazani na sahani ya mbaazi, akamlinda kama mlinzi wa benki. Masha hakuoga. Shangazi Dama alimpitishia chakula dirishani kwa urefu wa mkono. Ijumaa jioni namba zikatoka safi kama maji ya mtungi, na cheti kikasainiwa.

Lakini simu ya Nanjala haikulia.

Jumamosi akaenda Kibokoni. Koti jeupe aliliacha kwenye kiti. Alivaa gauni la kitenge la manjano lililomkaa kiunoni, viatu vya wazi, nywele amezifunga juu, na mtaa ulipomwona hivyo ukajua kwamba leo si siku ya utepe. Bi Fadhiya, Kache na Mzee Jamaldin walikuwa barazani pamoja na Dama. Wote wakanyamaza kwa wakati mmoja, jambo lisilowahi kutokea.

"Salama, mama zangu. Baba, salama."

"Salama, mwanangu," walijibu, kila mmoja akitazama kwingine.

Nanjala akatoa karatasi mkobani. "Jumamosi iliyopita. Saa nne na nusu. Mia na sabini na mbili kwa sitini na nane. Jina sitaji. Siri ya mgonjwa."

"Siri gani?" alisema Kache. "Mtaa mzima wajua hiyo ni ya Mzee Jamaldin."

"Kache!" Mzee aliruka. "Mimi nilishika dakika tano tu!"

"Kumi!" alisema Bi Fadhiya. "Na ukakataa kuivua mpaka ikakupima!"

Siri ikapasuka kama mtungi. Ikabainika kuwa Masha, aliporudi kutoka kliniki, alishindwa kuvumilia harufu yake mwenyewe. Akavua mashine aoge mara moja, akajinyoosha kitandani avute pumzi, na usingizi wa kukesha ukamchukua mzima. Shangazi Dama akaingia, akaiona mashine imelala karibu na mto. Akaitoa barazani, aonyeshe tu. Mtaa uliokuwa umepimwa wiki tisa ungeachaje kitu kama kile? Ikazunguka kama sinia ya halua, kila mtu zamu yake, mpaka saa kumi Dama akairudisha palepale karibu na mto. Masha akaamka, akaikuta alipoiweka, akaivaa, akaandika *Nimelala*, na akaogopa kusema kwamba aliivua.

"Na saa saba na nusu?" aliuliza Nanjala. "Mia na tisini, mapigo mia na ishirini?"

Bi Fadhiya alirekebisha buibui lake.

"Tulikuwa na ugomvi na Kache, juu ya maji machafu aliyoyamwaga mlangoni pangu," alisema polepole. "Yeye akasema nikigombana presha yapanda. Nikamwambia haipandi. Nikaivaa ili nimhakikishie."

"Na nilimshinda!" alipiga kelele Kache. "Mia na tisini! Mumesikia wote? Mia na tisini!"

"Bi Fadhiya," alisema Nanjala, "wewe Jumatatu asubuhi uko kliniki kwangu. Hili si la mashindano. Nakuanzishia dawa."

"Ehe," alisema Bi Fadhiya kwa sauti ndogo. Na Kache, aliyekuwa akifurahia, akaacha. "Nitampeleka mimi," alisema. "Asije akapotea njiani akaingia kwenye sambusa."

Pazia la mlango lilisogea. Masha alikuwa amesimama pale, shuka kiunoni, fulana nyeupe, amesikia yote.

"Kwa hivyo nililala," alisema.

"Ulilala," alisema Nanjala.

"Ulidhani nilikuwa na nani?"

Baraza nzima ilisogea mbele. Mzee Jamaldin alikinga kiganja sikioni.

"Na mtu," alisema Nanjala. "Nikaona wivu, Masha. Daktari hana haki ya kuona wivu. Barua ilikuwa ya haki, ingebidi niiandike. Lakini niliiandika kwa hasira, na kwa hilo nimekuja kukuomba radhi."

"Na mimi nilikudanganya. Niliogopa kreni." Masha alishika fremu ya mlango. "Mita arobaini juu siogopi, lakini kukwambia nilioga niliogopa."

"Ungeniambia tu. Tungekuvika mashine upya, basi."

"Sasa najua. Wekesa aniambia presha yangu ni nzuri, ila kuna mtu mmoja nisimkaribie."

"Alikwambia hivyo?"

"Akacheka mpaka akapaliwa na mbaazi." Masha naye sasa alikuwa akijizuia kucheka. "Nikamwambia, daktari, huyo mtu mmoja, mimi nataka kumkaribia maisha yangu yote, nife na presha yangu. Sasa nauliza wewe. Niko tayari kuja Bungoma, nivae suti, niulizwe maswali na wajomba zako wote. Nije, nisije?"

Kache alimshika Bi Fadhiya mkono.

"Uje," alisema Nanjala. "Lakini uoge."

Kache akapiga kigelegele kilichoamsha paka wa mtaa wa pili. Mzee Jamaldin akauliza amesema nini, akaambiwa, akataka aambiwe tena. Shangazi Dama peke yake hakusema neno. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anamtazama Nanjala kuanzia viatu mpaka nywele.

"Niambie kitu, mwanangu. Daktari wa huyu kijana wangu ni nani?"

"Ni Daktari Wekesa, shangazi. Tangu Alhamisi."

"Si wewe?"

"Si mimi."

"Hakuna siku utakuja kumpima hapa, umwandikie barua?"

"Hakuna, shangazi."

Dama akamsukuma Masha kando, akalishika pazia, akalivuta mpaka mwisho. Harufu ya wali wa nazi na samaki wa kupaka ikatoka nje, ikawapita majirani wote.

"Basi vua viatu, mwanangu," alisema. "Chakula kishapakuliwa. Ingia ule."